Barua ya wazi kwa TCRA, TBS na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi: mlizima simu feki, sasa ni zamu ya kamera

Kwenu:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi

YAH: VIFAA JANJA VINAVYOINGIA NCHINI VIKIWA NA NYWILA MOJA KWA WOTE

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi. Nanunua Kariakoo, nafunga Dar es Salaam yote, na kazi ikinivuta nafika Kibaha mpaka Morogoro: maduka, nyumba za kupanga, shule, maghala, nyumba za ibada. Sijaja kulia njaa. Biashara ipo, na watu wa kipato cha kawaida sasa wanazimudu kamera ambazo zamani zilikuwa za mabenki na balozi. Ninachokileta kwenu ni kwamba vifaa hivi vinaingia nchini vikiwa vinapitika kirahisi mno. Mnunuzi hana namna ya kujua, fundi hana mamlaka ya kukataa, na nyinyi watatu ndio mnaoweza kuvisimamisha kabla havijafika dukani. Na kuvisimamisha mnajua, maana mmeshawahi.

Nianze na kitu kinachoshikika. Chukueni kamera ya waifai ya kawaida, ile yenye kichwa kinachozunguka na antena mbili, inayopatikana mtaa wa Aggrey kwa bei isiyofika laki moja. Ndani ya boksi kuna kamera, adapta, skrubu tatu nne na kijikaratasi cha Kichina na Kiingereza cha ukubwa wa kiganja. Igeuzeni. Chini kuna stika yenye namba ya kifaa, msimbo wa QR wa kuskani, kisha jina la mtumiaji: admin. Nywila: admin. Kuna zilizoandikwa 123456, na kuna ambazo sehemu ya nywila haina kitu, unabonyeza tu unaingia. Sasa fungueni katoni nyingine, mtoe kamera ya pili ya aina hiyohiyo. Kwenye stika kinachobadilika ni namba ya kifaa. Nywila ni ileile. Aliyenunua moja ameshajua ya zote, za hapa na za Lima na za Karachi.

Mtauliza, si fundi abadilishe siku ya kufunga? Tunabadilisha. Halafu mteja anasahau ile mpya, anapiga saa tatu usiku, "fundi, kamera haifunguki", na njia ya kumsaidia ni kubonyeza kile kitufe cha kukirudisha kifaa kilivyotoka kiwandani. Kinarudi, na admin yake. Wengine wanakuwahi kabisa: niwekee moja mpaka sita, bwana, mimi usumbufu siutaki. Hawa si wajinga. Mama anayeuza vitenge anataka kujua nani kaingia dukani kwake. Hakununua kamera ili asomee kompyuta.

Hayo, hata hivyo, ni ya juujuu. Yanayotisha ni yale ambayo hata fundi hayaoni.

Mwaka 2016 ilizuka programu hasidi iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ufundi wa kutisha. Ilizunguka kwenye intaneti ikibisha hodi kwa kila kifaa ilichokikuta, ikijaribu orodha ya majina na nywila za kiwandani, 60 na ushee tu. Kifaa kikiitikia, kinaingizwa kwenye kundi na kukaa kikisubiri amri. Kwa mtindo huo huo mmoja, kamera, DVR (vile vinasa video vya kamera) na ruta zilizotekwa zilifikia takriban laki sita. Waliokuja kukiri mahakamani mwaka 2017 kwamba ndio waliotunga programu hiyo ni vijana watatu wa Marekani, na chimbuko la yote lilikuwa ushindani wa seva za mchezo wa kompyuta, Minecraft. Walipoona moto unawakaribia, mwishoni mwa Septemba 2016 msimbo wa Mirai ukamwagwa hadharani, kila mwenye nia yake akajichotea. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo ikapigwa kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kubwa, na Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazifunguki kwa mamilioni ya watu Marekani na sehemu za Ulaya. Silaha ilikuwa ni kamera kama hizi ninazozipachika ukutani.

Kwenye ile orodha ya Mirai kulikuwa na nywila moja, xc3511. Hiyo ilitoka kwenye bodi za Hangzhou Xiongmai, kampuni ya China inayowauzia watengenezaji wengine bodi na programu, nao wakabandika majina yao juu. Mteja angeweza kubadilisha kila asubuhi nywila anayoiona kwenye skrini, xc3511 ingebaki palepale chini, imo ndani ya programu ya kifaa, hakuna ukurasa wa kuibadilishia. Xiongmai ilitangaza kuvirudisha kiwandani baadhi ya vifaa vyake vilivyouzwa Marekani. Tangazo lilihusu Marekani.

Kuna kitu kinatuchekesha mafundi. Mirai ilikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu ya kifaa, ukizima, inafutika. Maana yake umeme ukikatika Mbagala, kamera zote za Mbagala zinapona kwa mpigo. Umeme ukirudi, dakika chache baadaye zimeshaambukizwa tena, kwa sababu nywila ni ileile. Pengine ndiyo faida pekee ya mgao ambayo hakuna aliyewahi kuitaja.

Kama Twitter na Netflix zinaonekana ni mambo ya Wamarekani, tazameni Liberia. Kwa mujibu wa wapelelezi wa Uingereza, Mwingereza aitwaye Daniel Kaye alilipwa na mtu wa kampuni ya simu ya Cellcom aishambulie Lonestar, mshindani wao. Akajitengenezea kundi lake kutokana na Mirai, na Novemba 2016 vifaa vya watu wasiojuana, kutoka nchi tofauti, vikaelekezwa Lonestar mpaka mtandao wake ukaelemewa. Mahakama jijini London ilimfunga miezi 32 mnamo Januari 2019. Wenye vifaa hawakuhisi lolote. Kamera zao ziliendelea kuonyesha geti na banda la kuku kama kawaida.

Hapa kwetu kampuni ya simu ndiyo inayobeba mshahara wa kibarua, ada ya mtoto na hela ya mzee kijijini. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, kila mtu alionja maisha ya intaneti ya kusuasua yalivyo. Ile ilikuwa ajali, mafundi wakajua kebo imekatika wapi. Shambulio la kamera laki moja zilizotawanyika duniani halina sehemu moja ya kwenda kuunga.

Kifaa cha pili ninachotaka mkitupie jicho ni boksi la Android, lile linalochomekwa nyuma ya TV ili mtu atazame mpira na muvi bila kulipia kisimbuzi. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kuhusu kundi la vifaa vilivyotekwa linaloitwa BADBOX 2.0. Mwezi uliofuata Google ikafungua kesi New York dhidi ya wanaoliendesha, ikisema vifaa vyenyewe vinazidi milioni 10, vingi vikiwa maboksi ya namna hii yasiyo na uthibitisho wake. Ubaya wa haya ni kwamba mengine hayasubiri kuambukizwa nyumbani kwako. Yanatoka kiwandani, au yanapitia mikononi mwa wakala, yakiwa na mdudu ndani tayari. Unalitoa kwenye nailoni, linanukia upya, na lina bosi mwingine.

Kazi yake moja kubwa ni kuuza njia. Mtu aliye mbali, ambaye hataki kujulikana, analipia ili safari zake za mtandaoni zipitie kwenye intaneti ya sebule yako: kujaribu akaunti za watu, kutapeli matangazo, na mengine nisiyotaka kuyataja. Kwa anayefuatilia, aliyefanya yote hayo ni wewe. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Siku mpelelezi atakapoifuata anwani ya intaneti, itampeleka Tabata kwa mzee mstaafu aliyekaa na kikombe cha chai akitazama Yanga. Atajitetea kwa lugha gani? Na kabla ya kufika huko, bando lake litakuwa limeliwa. Watu wanailaumu kampuni ya simu kwamba vifurushi vinaisha kiajabu. Sina ubishi kuwa kampuni nazo zina yao, ila nikikuta nyumba ina boksi la aina hii, la kwanza kulichomoa ni lenyewe.

Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hapa nina neno nanyi peke yenu.

Kamera nyingi za waifai hazitumiki bila akaunti kwenye programu ya simu. Mteja hana barua pepe, au anayo ila aliyemfungulia ni muuza simu na nywila hakumwachia, na fundi ana kazi nyingine inamsubiri Kimara. Kinachofanyika mtaani ni fundi kutumia akaunti yake mwenyewe, kisha kumgawia mteja ruhusa ya kutazama. Mwenye kamera kwa risiti ni mama mwenye nyumba. Mwenye kamera kwenye mfumo ni fundi. Akigombana na bosi wake, akiibiwa simu, akihamia Mwanza, zile kamera zote alizowahi kufunga anaondoka nazo mfukoni. Nilishawahi kusimama na mwenzangu dukani akifungua simu yake kutafuta kitu, orodha ikawa inateremka na kuteremka chini ya kidole gumba: sebule, jikoni, duka, korido, chumba cha watoto. Za watu ambao hata sura zao ameshazisahau. Hakuwa na nia mbaya yule bwana, na hilo ndilo linalonikosesha raha, kwamba usiri wa nyumba zote zile unategemea tabia yake njema.

Wala msidhani ni ushamba wetu. Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki Ring, kampuni ya kamera za milangoni na ndani inayomilikiwa na Amazon, ikidai kwamba mfanyakazi mmoja alitazama maelfu ya video za wateja wanawake, zikiwemo za vyumbani na bafuni. Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kama kampuni yenye wanasheria jengo zima ilishindwa kujizuia, kijana wa Kariakoo mwenye simu moja na kazi tano kwa siku mnamtegemeaje?

Na wanaorekodiwa? Dada wa kazi analala chumba kimoja na mtoto, na kamera imewekwa pale "kwa ajili ya mtoto". Anavua, anavaa, anaongea na mama yake Singida kwa simu, yote yanarekodiwa na sauti yake, yanapanda kwenye kompyuta za kampuni asiyoijua jina. Mimi siku hizi mteja akiniambia nifunge chumba anacholala dada, namuuliza mbele ya dada mwenyewe kama amemwambia. Wengine wananuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na nimeona mnavyohimiza mashule, hospitali na makampuni yajisajili. Ila mtaani hakuna fundi hata mmoja niliyemsikia akijua kwamba naye anaweza kuwa mchakataji wa taarifa za watu. Tuandikieni mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha fundi. Kwamba akaunti ni ya mteja na anakabidhiwa siku ileile, fundi anajiondoa mbele yake. Kwamba chumba cha kulala cha mfanyakazi hakifungwi kamera. Ukurasa mmoja, tutaulamineti tutembee nao.

Narudi kwa TCRA na TBS, kwenye lile nililosema kwamba mmeshawahi.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 mlizima simu feki. Nakumbuka nchi nzima ilivyokuwa inabonyeza *#06# na kutuma namba kwenda 15090 kujua kama simu itapona. Watu walisema haiwezekani, walisema Watanzania watabaki bila simu, walisema ni njama ya wauza simu wakubwa. Mkazima. Leo mtu akinunua simu, hata bibi yangu, anajua kuna namba ya kukagua. Mlifundisha taifa zima tabia mpya ndani ya miezi michache kwa sababu kulikuwa na tarehe, kulikuwa na namba ya kutuma, na mlikuwa mnamaanisha.

Halafu ukaja mwaka 2024 na mita za LUKU. Mfumo wa namba za umeme duniani ulikuwa unafika ukingoni tarehe 24 Novemba, na mita isiyofanyiwa maboresho isingepokea umeme tena. TANESCO hawakusema kila mtu ajitafutie. Ukinunua umeme unaletewa tarakimu 20 mara tatu, mbili za kuboresha mita na ya tatu ndiyo umeme wako. Wazee waliandika namba kwenye kadibodi, watoto wakapanda viti kuziingiza. Yaani Tanzania imeshasasisha vifaa vya nyumba kwa nyumba, nchi nzima, kwa siku iliyopangwa, bila mtu kujua kwamba alichokuwa anakifanya wataalamu wanakiita usalama wa vifaa. Basi asije mtu akatuambia kwamba wananchi wetu hawawezi mambo haya. Wanaweza, wakiambiwa nini, lini na wapi.

Kwa kamera na maboksi mnatuambia nini? Uidhinishaji wa vifaa vya mawasiliano ninaousikia unaangalia masafa ya redio na usalama wa umeme, kisiingiliane na mitambo mingine, kisimuunguze mtu. Ni mambo ya lazima. Lakini katika safari yote kutoka Guangzhou mpaka kwenye rafu ya duka, kuna mahali ambapo mtu anakiwasha kifaa, anaandika admin na admin, na kikifunguka anakiweka pembeni?

Ombi langu ni hapo. Kifaa chochote cha kuunganishwa na intaneti kisiingie nchini kikiwa na nywila inayofanana na ya mwenzake. Mwenye kiwanda atalia gharama, msimsikilize. Stika anaichapa tayari, namba ya kifaa inabadilika kwa kila kimoja tayari, kuongeza nywila yake humo humo ni suala la mashine ileile. Ruta nyingi tunazopewa na kampuni za simu zina nywila tofauti kila moja, zimeandikwa mgongoni, na hazikuja kwa bei ya dhahabu. Pili, juu ya boksi iandikwe kifaa kitaletewa masasisho mpaka mwaka gani, kama tarehe ya mwisho ya kutumia maziwa. Mteja mwenyewe ataamua kama anataka kamera ya bei chee itakayotelekezwa mwakani. Tatu, mwagizaji aache jina na namba Tanzania, ili tukigundua tundu tujue wa kumwambia, na TZ-CERT, kikosi cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, wapate wa kumbana.

Haya sikuyatunga mimi. Uingereza wanayo kisheria tangu tarehe 29 Aprili 2024, hayo matatu kwa mpangilio huohuo karibu, na faini inaweza kufika pauni milioni 10 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni duniani. Singapore walianza na lebo za usalama mwaka 2020, na kwa ruta za waifai wakazifanya za lazima mwaka uliofuata. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria yao, na masharti yake makuu yataanza kubana tarehe 11 Desemba 2027.

Tarehe hiyo iandikeni ukutani. Kiwanda chenye maghala yaliyojaa kamera za admin na admin hakitazichoma moto siku hiyo. Kitatafuta mahali ambapo hakuna anayeuliza. Kontena za kuchangia zinakuja Dar kila mwezi, mfanyabiashara wa hapa ataona bei imeshuka nusu atafurahi, mimi fundi nitaletewa kazi nyingi. Miaka miwili baadaye ndipo tutajua tumenunua nini. Kama Tanzania haitakuwa imefunga mlango wake kabla ya hapo, tutapokea mabaki ya Ulaya, na kutoka hapa yatavuka kwenda Lubumbashi, Kigali na Bujumbura, kwa sababu wafanyabiashara wa kule nao wananunua Kariakoo.

Naomba moja kwa unyenyekevu. Mkiamua kuanza, msianze kwa kumkimbiza machinga mwenye maboksi sita juu ya meza. Yeye hakuagiza. Alinunua kwa risiti kwa mtu mwenye duka, ambaye alinunua kwa mtu mwenye ghala, na mwenye ghala ndiye mwenye nyaraka za bandarini. Huko ndiko kwa kuanzia, na mpeni muda wa haki wa kumaliza mzigo alionao. Tuliona kwenye simu kwamba ukitaja tarehe mapema soko linajipanga lenyewe.

Na kabla ya kanuni, kuna kazi ya wiki moja ambayo haihitaji Bunge. Tumeni kijana akanunue dukani kamera na maboksi ishirini ya aina tofauti, kama mteja wa kawaida, bila kitambulisho cha ofisi. Wekeni mezani, TZ-CERT wajaribu nywila za kiwandani na waangalie vifaa vinaongea na nani usiku kucha, kisha matokeo yatoke kwa jina la bidhaa na namba ya modeli. Sisi mafundi tutayachapa na kuyabandika kwenye kaunta za maduka kwa gharama zetu. Mkihitaji mtu wa kuwaonyesha kitufe cha kurudisha kiwandani kimefichwa wapi katika kila moja, kuna mafundi wengi tu ambao watafunga duka siku hiyo na kuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi wa kamera, Kariakoo, Dar es Salaam

Nakala:
Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano
Tume ya Ushindani (FCC)
Jumuiya ya Wafanyabiashara Kariakoo